Waya umechomolewa, njia imebaki: kisa cha laptopu ya ofisi ya taaluma

Laptopu yenyewe ni ThinkPad T430, zile nyeusi nzito zinazotumika Ulaya miaka kadhaa kisha zinaletwa kwetu kama mtumba. Ipo ofisi ya taaluma ya shule moja ya sekondari wilayani Korogwe, juu ya meza iliyobanwa kati ya kabati la mafaili na dirisha. Ndani ina Debian 12, aina mojawapo ya Linux, yenye mwonekano wa mezani wa Xfce. Ratiba, matokeo ya majaribio, barua za wazazi, mitihani ya muhula, vyote vinapita humo. Siku niliyoitwa ilikuwa imegoma mtandao kabisa, waya ukiwepo au usipokuwepo, na mafundi wawili walishapita kabla yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba fundi, karibu. Mimi sina maneno mengi. Nataka nikichapa, karatasi itoke. Nikifungua tovuti, ifunguke. Vyote viwili, bila kuhangaika na huu waya."

Nimeiandika kauli yake kama alivyoitoa kwa sababu ndani yake mlikuwa na nusu ya jibu. Fundi wa kwanza aliitwa siku printa inasumbua, akaitibu printa. Wa pili aliitwa siku intaneti imekatika, akahangaika na Wi-Fi. Shida ya mwalimu ilikuwa kuvipata vyote viwili kwa pamoja, na kila mmoja alitibu upande mmoja akaumiza wa pili.

Shule ina mitandao miwili isiyojuana. Wa kwanza ni wa waya. Uliletwa na mradi uliojenga chumba cha kompyuta: swichi, ruta moja ya zamani, na waya uliopitishwa juu ya dari hadi ofisi ya taaluma. Printa kubwa ya shule imechomekwa humo. Wakati mradi ukilipia, ruta ile ilikuwa na intaneti. Malipo yalipokoma intaneti ikaisha, lakini ruta yenyewe haikuzimwa. Mpaka leo inagawa anwani kwa kila mashine inayochomekwa, na kila inapogawa inajitangaza kuwa yenyewe, 192.168.1.1, ndiyo lango la kutokea nje. Ukilifuata lango hilo unakuta ukuta.

Mtandao wa pili ni wa Wi-Fi: ruta ya 4G iliyo ofisini kwa mkuu wa shule, yenye laini na bando la kila mwezi. Anwani yake ni 192.168.8.1. Intaneti iko hapa, printa haiko.

Laptopu inaweza kuingia kote kuwili kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa Linux. Kadi ya waya inaitwa enp0s25, kadi ya Wi-Fi inaitwa wlp3s0. Majina haya huwatisha watu waliozoea eth0 na wlan0, ila yana maana. Ukiandika lspci kwenye mashine hii utaona kadi ya waya ya Intel ikiwa mahali 00:19.0, na ya Wi-Fi ikiwa 03:00.0. Hiyo 19 ni namba ya mfumo wa kumi na sita. Ukiigeuza kuwa namba zetu za kawaida unapata 25. Kwa hiyo enp0s25 ni kadi ya etheneti (mtandao wa waya), kwenye njia ya ndani ya kompyuta (bus) namba 0, nafasi ya 25. Jina linatokana na mahali kadi ilipopachikwa, ndiyo maana kwa kawaida halibadiliki ukiwasha mashine upya. Utaratibu huu uliingia na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, mwaka 2013, na mimi naupenda: jina lenyewe linakuonyesha kadi unayozungumza nayo.

Nianze na hali ilivyokuwa kabla mafundi hawajagusa kitu. Mwalimu alinieleza vizuri sana. Akichomeka waya, printa inachapa lakini tovuti hazifunguki. Akichomoa waya, tovuti zinafunguka lakini printa inapotea. Kwa hiyo yeye na wenzake walijizoesha: ukitaka kuchapa, chomeka, ukitaka intaneti, chomoa. Mara kumi kwa siku, mara ishirini siku za mitihani.

Nikauangalia waya. Kile kichwa cha plastiki cha RJ45 kina ulimi mdogo unaobonyezwa ili kitoke, na unaokishika kisitoke chenyewe. Ulimi ulikuwa umekatika, limebaki shina lake tu, jeupe kwa kukunjwa. Kichwa kilikuwa kinaingia kwenye tundu kikalala tu humo. Ukigusa meza, taa ya kijani pembeni ya tundu inazima. Ukigusa tena, inawaka. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa ofisi hii palikuwa hapo, kwenye kipande cha plastiki kisichozidi ukucha, kilichochoka kwa kubeba kosa la usanidi ambalo halikuwa lake.

Kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha Linux, zilithibitisha nilichokiona kwa macho:

journalctl -k | grep enp0s25

Mistari ikajaa skrini: "NIC Link is Down", kisha "NIC Link is Up 100 Mbps Full Duplex", kisha Down tena, sekunde chache baadaye Up. Asubuhi ile peke yake ilikuwa imeshuka na kupanda zaidi ya mara arobaini.

Sasa unaweza kumwelewa fundi wa kwanza. Alikuta printa inakuja na kupotea. Kila waya ukitikisika, NetworkManager, programu inayosimamia mitandao ya mashine, ilikuwa inaufunga muunganisho, na ukirudi inaanza upya kuomba anwani kwa ruta ya zamani. Aliona mashine inaomba anwani kila dakika, akahitimisha kwamba DHCP, yaani utaratibu wa ruta kugawa anwani, ndiyo mbovu, akaamua kuipa kadi anwani ya kudumu. Wazo lenyewe halikuwa baya. Kwa upande wa printa lilisaidia, kwa kuwa waya ukirudi hakuna tena kusubiri anwani. Alijaribu kuchapa, karatasi ikatoka, mwalimu akachapa mtihani wake, fundi akaondoka. Tatizo ni mahali alipoiandika hiyo anwani, na mstari mmoja aliouongeza.

Kabla ya kufika huko, niseme namna ninavyoiuliza mashine maswali, maana mpangilio ndio unaookoa muda. Kwanza nauliza kama kadi inaonekana. Kisha kama kiungo kipo, yaani taa imewaka au Wi-Fi imeshikana na ruta. Kisha kama kuna anwani. Kisha njia ya kutokea. Mwisho kabisa nauliza majina, yaani kama mashine inaweza kugeuza jina la tovuti kuwa anwani. Sivuki swali moja kabla halijajibiwa. Watu wengi wanaanzia mwisho, tovuti haifunguki, wanarudi mwanzo moja kwa moja, kadi imekufa. Katikati hapo ndipo penye mambo.

Swali la kadi tulilimaliza haraka. Fundi wa pili alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba kadi ya Wi-Fi imekufa, akaagiza shule inunue kadi ndogo ya USB. Haikuwa imekufa. Ni Intel Centrino Advanced-N 6205, na inachohitaji ni ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi wakati wa kuwaka, ambayo mafundi tunaiita femwea. Zamani hili lilikuwa tatizo la kweli kwenye Debian, kwa sababu diski rasmi za kusakinishia hazikuwa na femwea zisizo huria. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuziruhusu, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 inakuja nazo. Ukiwa na Debian 11 bado utapaswa kuweka kifurushi cha firmware-iwlwifi mwenyewe. Hapa dmesg ilionyesha femwea imepakiwa bila tatizo, rfkill ikaonyesha redio haijafungwa na programu wala na ile swichi ndogo ya ubavuni, na nmcli, amri ya NetworkManager, ikaonyesha wlp3s0 imeunganishwa na ruta ya mkuu, ina anwani 192.168.8.104.

Kadi nzima. Kiungo kipo. Anwani ipo. Hapo ndipo nilipochomoa waya kabisa, nikauweka sakafuni, nikaandika:

ip route

Nikapata hivi:

default via 192.168.1.1 dev enp0s25 onlink linkdown
default via 192.168.8.1 dev wlp3s0 proto dhcp metric 50
192.168.1.0/24 dev enp0s25 proto kernel scope link src 192.168.1.23 linkdown
192.168.8.0/24 dev wlp3s0 proto kernel scope link src 192.168.8.104 metric 50

Naomba msomaji akae na mistari hii kidogo, kisa chote kimo humu.

Mashine ya Linux ikitaka kutuma kitu, inaangalia orodha hii. Kama kinakwenda mtandao wa jirani, mfano printa yenye 192.168.1.50, inakuta mstari wa 192.168.1.0/24 na kutumia kadi ya waya. Kama kinakwenda mahali pasipotajwa popote kwenye orodha, yaani intaneti nzima, inatumia mstari wa default. Kukiwa na default mbili, inachagua yenye metriki ndogo, yaani namba ya kipaumbele iliyo mwishoni mwa mstari. Ni kama abiria wa stendi anayeangalia nauli tu: basi la nauli ndogo ndilo analopanda, hata kama daraja mbele limekatika. Linux haikagui daraja.

NetworkManager kwa kawaida huipa njia ya waya metriki 100 na ya Wi-Fi 600, kwa kudhani kuwa waya ni bora. Mahali pengi dhana hiyo ni sahihi. Katika ofisi hii ilimaanisha kwamba waya ukichomekwa tu, safari zote za intaneti zinaelekezwa kwenye ruta iliyokufa, huku Wi-Fi ikikaa pembeni na alama yake ya kuunganishwa. Hilo ndilo kosa la awali, lile lililowafundisha walimu kuchomeka na kuchomoa.

Tazama sasa mstari wa kwanza. Hauna metriki. Njia isiyo na metriki kwenye IPv4, yaani anwani hizi za namba nne, ina metriki 0, na hakuna namba inayoweza kuishinda sifuri. Fundi wa pili aliiona shida ya metriki, nampa haki yake, akaishusha ya Wi-Fi kutoka 600 hadi 50 akitumaini itashinda. Dhidi ya 100 ingeshinda. Dhidi ya sifuri haikuweza. Ndipo akaamini kadi ni mbovu. Shule ikanunua ile ya USB, ikachomekwa, ikashika Wi-Fi vizuri, na tovuti zikagoma vilevile. Ungechomeka kadi tano, zote zingegoma, maana zote zingekuwa nyuma ya mstari ule ule.

Sifuri ilitoka wapi? Nikafungua /etc/network/interfaces:

allow-hotplug enp0s25
iface enp0s25 inet static
    address 192.168.1.23/24
    gateway 192.168.1.1

Hapa ndipo fundi wa kwanza alipoandika anwani yake ya kudumu. Faili hili ni la ifupdown, utaratibu wa zamani wa Debian wa kuwasha mitandao, na bado unafanya kazi vizuri kwenye seva. Lakini Debian ina kanuni moja ambayo lazima uijue: kadi iliyotajwa humu, NetworkManager haiigusi. Ukiandika nmcli device utaona enp0s25 imeandikwa "unmanaged", maana yake haiko chini ya usimamizi wake. Kwa hiyo laptopu moja ikawa na wasimamizi wawili. Wi-Fi inasimamiwa na NetworkManager, waya unasimamiwa na ifupdown, na hakuna anayemwambia mwenzake lolote. Ule mstari wa gateway ndio ulioingiza njia isiyo na metriki.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonisimamisha muda mrefu kuliko yote. Neno linkdown mwishoni mwa mstari. Waya uko sakafuni, mwalimu anauona, mimi nauona, kerneli nayo inajua maana imeweka alama. Lakini njia haijafutwa. Kadi ikipoteza kiungo kwenye waya, kerneli haiziondoi njia zilizowekwa. Inazitia alama ya linkdown na, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaendelea kuzichagua. NetworkManager ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuziondoa waya unapochomolewa, na ndiyo maana zamani kuchomoa kulisaidia. Ifupdown haifuatilii waya. Iliwasha kadi asubuhi, ikaweka njia, ikamaliza kazi yake.

Nikaiuliza mashine swali la moja kwa moja, itapita wapi kwenda 1.1.1.1, anwani iliyoko kwenye intaneti:

ip route get 1.1.1.1

Ikajibu:

1.1.1.1 via 192.168.1.1 dev enp0s25 src 192.168.1.23

Nikamgeuzia mwalimu skrini. "Mwalimu, waya uko chini hapo. Soma hapa inasema inapita wapi." Akasoma, akainama kuutazama waya, akasoma tena. "Inapita kwenye waya ambao haupo?" Ndiyo, mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tatu.

Amri hiyo ya ip route get natamani kila fundi wa Linux aizoee kabla ya ping. Ping inakuambia kama umefika au hujafika. Hii inakuambia mashine imeamua kupita wapi, na uamuzi huo ndio unaoutafuta. Alama ya Wi-Fi kwenye kona ya skrini haijui chochote kuhusu hilo. Inasema kadi imeshikana na ruta, basi.

Matengenezo yalianza kwa kuiteremsha kadi ya waya kwa mkono wa yuleyule aliyeiwasha, yaani ifdown enp0s25, na hili lifanywe kabla ya kugusa faili. Ukifuta maandishi kwanza, ifdown haitaijua tena kadi hiyo na utabaki na njia zinazoelea. Baada ya hapo nikaifuta mistari ile minne kutoka kwenye faili, nikaacha sehemu ya lo (kadi ya kufikirika ambayo mashine hujizungumzia yenyewe) kama ilivyo, nikaiwasha upya NetworkManager. Kadi ikatoka kwenye "unmanaged".

Kisha nikatengeneza muunganisho wa waya wenye masharti:

nmcli connection add type ethernet con-name shule-waya ifname enp0s25 ipv4.method auto ipv4.never-default yes ipv4.ignore-auto-dns yes ipv6.method disabled

Neno la kazi hapo ni never-default. Linaiambia NetworkManager: pokea anwani kutoka ruta ya zamani, zungumza na vitu vya mtandao wake, lakini ikijitangaza kuwa lango la kutokea nje, usiipokee. Hivyo njia ya 192.168.1.0/24 inabaki, printa inafikika, na default ya waya haiingii kabisa kwenye orodha. Hakuna mashindano ya metriki kwa sababu hakuna mshindani. Anayetumia dirisha la mipangilio badala ya amri atakikuta kisanduku hicho kwenye sehemu ya IPv4, penye njia, kinachosema muunganisho utumike kwa vitu vya mtandao wake tu. Ignore-auto-dns inaikataza ruta ya zamani kutuletea seva yake ya majina, ambayo nayo imekufa. IPv6, ile aina mpya ya anwani, niliizima upande wa waya kwa sababu printa haiihitaji.

Metriki 50 ya Wi-Fi niliirudisha kwenye hali ya kawaida kwa kuandika ipv4.route-metric -1. Siachi dawa ya ugonjwa ambao haupo, maana fundi atakayekuja baada yangu ataiona namba hiyo na kutafuta sababu yake.

Nikachomeka waya. Nikaangalia ip route: default moja tu, kupitia wlp3s0. Nikapiga ping 1.1.1.1, majibu yakaanza kurudi. Mwalimu akafungua kivinjari, akaandika anwani ya tovuti. Haikufunguka.

Njia ilikuwa imepona, kwa hiyo nilijua tumefika swali la mwisho, la majina. Ping kwa namba inakwenda, ping kwa jina inajibu "Temporary failure in name resolution". Nikafungua /etc/resolv.conf, nikakuta mstari mmoja: nameserver 192.168.1.1. Ruta ya zamani tena. Nilitarajia NetworkManager iwe imeandika 192.168.8.1 hapo. Nikauwasha upya muunganisho wa Wi-Fi, faili likabaki lile lile. Nikajaribu kulihariri mwenyewe nikiwa mtumiaji mkuu, nikakataliwa. Mtumiaji mkuu kukataliwa kuandika kwenye faili la kawaida kuna maelezo machache sana. Nikaandika lsattr /etc/resolv.conf, na pale katikati ya vistari ikasimama herufi i.

Kwenye historia ya amri ilikuwepo: chattr +i. Amri hiyo inalifunga faili lisibadilishwe na yeyote mpaka lifunguliwe. Fundi wa kwanza alikuwa ameandika seva yake ya majina, NetworkManager ikaifuta na kuweka ya Wi-Fi, akaandika tena, ikafutwa tena, akaamua kulitia kufuli. Ushauri huu unazunguka sana kwa mafundi na mimi naupinga kwa nguvu zangu zote. Kufuli ya namna hiyo haionekani kwa ls ya kawaida, haitoi onyo mwalimu akitumia mashine, na inaendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya sababu yake kusahaulika. Kama faili linaandikwa upya kila mara, kuna anayeliandika, na huyo ndiye wa kuelekezwa. Nikaifungua kwa chattr -i, nikauwasha tena muunganisho wa Wi-Fi, 192.168.8.1 ikaingia yenyewe. Tovuti ikafunguka.

Mwalimu hakusubiri niseme. Akiwa na tovuti wazi, akatuma waraka wa kurasa mbili kwenye printa. Karatasi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka.

Lilibaki swali lake moja, na lilikuwa swali zuri: "Mbona laptopu ya makamu haijawahi kufanya hivi? Anachomeka waya huu huu." Laptopu ya makamu ina Ubuntu, Linux ya aina nyingine, na watu walikuwa wameitumia kama ushahidi kwamba ThinkPad ni mbovu. Tofauti ni ndogo. NetworkManager ina uwezo wa kupima kama muunganisho unafika intaneti kweli, kwa kuifikia anwani fulani kila baada ya muda. Muunganisho ukishindwa kipimo, njia yake inaongezewa 20000 kwenye metriki. Kwa hiyo waya wa 100 unakuwa 20100, na Wi-Fi ya 600 inashinda yenyewe. Ubuntu ya mezani inakuja na kipimo hicho kimewashwa. Kwenye T430 hakikuwepo, ingawa Debian inacho kifurushi chake, network-manager-config-connectivity-debian. Ningeweza kukiweka nikaishia hapo, kabla ya ifupdown kuingia. Bado ningechagua never-default, kwa sababu hapa hatuhitaji mashine ibahatishe. Tunajua tayari kwamba waya huu hauna intaneti na hautakuwa nayo, basi tuiambie hivyo.

Mkuu wa shule alipopita aliuliza kama isingekuwa bora kuunganisha mitandao yote kuwa mmoja. Ingekuwa bora. Ungevuta waya kutoka ruta ya 4G hadi kwenye swichi, ukazima ugawaji wa anwani kwenye ruta ya zamani, na kila mashine ingekuwa na printa na intaneti kwa waya mmoja. Umbali kutoka ofisini kwake hadi chumba cha kompyuta uko chini ya mita 100, ndio ukomo wa waya wa aina hii, kwa hiyo kitaalamu inawezekana. Lakini siku hiyo hiyo kompyuta zote za chumba cha wanafunzi zingeingia kwenye bando lake, na zikianza kupakua masasisho kwa pamoja bando la mwezi lisingefika Ijumaa. Akaelewa mara moja. Tumekubaliana lisubiri mpaka kuwe na ruta inayoweza kutenganisha ofisi na wanafunzi. Tulikuwa pia na bahati moja ambayo si kila mahali ipo: mtandao wa waya ni 192.168.1 na wa Wi-Fi ni 192.168.8. Kama ruta zote mbili zingekuwa 192.168.1.1, ningelazimika kubadilisha moja kabla ya lolote jingine, maana mashine isingejua printa iko upande gani.

Mwisho nikarudi kwenye waya. Nikakata kichwa kilichovunjika, nikamenya ganda sentimita mbili hivi, nikazinyoosha nyaya nane kwa vidole: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nikazikata ziwe sawa, nikaziingiza kwenye kichwa kipya mpaka ncha zote nane zikaonekana mbele, nikabana kwa koleo. Kikaingia kwenye tundu na ule mlio mdogo wa ulimi ukishika. Nikagonga meza kwa kiganja. Taa ya kijani haikuzima. Tukaizima mashine, tukaiwasha, tukajaribu yote upya, maana usanidi usiovuka kuzimwa bado haujawa usanidi.

Ile kadi ya USB tumemrudishia mkuu, itafaa kwenye kompyuta ya mapokezi isiyo na Wi-Fi. Na juu kabisa ya faili la /etc/network/interfaces, mahali ambapo fundi yeyote atakayelifungua ataanza kusoma, nimeacha mistari miwili:

# enp0s25 inasimamiwa na NetworkManager (muunganisho: shule-waya). Usiiandike hapa.
# Waya huu ni wa printa tu. Intaneti inapita wlp3s0. Hakiki kwa: ip route get 1.1.1.1